Paswadi Yako Iko Kwa Daftari ya Nani? Historia ya Mlango wa Kompyuta

Wasee wa Eastlands, leo tuongee kuhusu mlango. Si ule wa ploti wenye kofuli tatu. Naongea kuhusu ile skrini nyeusi inakuuliza jina lako, halafu paswadi, halafu inakufungulia ama inakukataa bila kukueleza kwa nini.

Maoni yangu nayaweka hapa juu ndio usiyatafute sana: huo mlango ulibuniwa na watu waliokuwa wanatumia mashine moja wengi, vile sisi tunatumianga kompyuta za saiba kutoka Kayole hadi Jericho. Waliumizwa mapema, wakajifunza, wakaandika venye mambo yanafaa kufanywa. Sisi tumepewa hayo yote bure na bado tunaishi kama ni 1962.

Waya ilipita hapa kwetu

Kama uko na Termux kwa simu, ifungue. Ama kaa kwa kompyuta yoyote ya Linux. Andika tty, bonyeza Enter. Utajibiwa kitu kama /dev/pts/0. Hizo herufi tty ni kifupi cha teletype, yaani teleprinta: taipureta iliyofungwa kwa waya, unaandika hapa, inachapa kule.

Hii stori ya waya si ya wazungu pekee. Reli ilipofika Nairobi 1899, laini ya telegrafu ilikuja sambamba nayo, nguzo kwa nguzo kutoka Mombasa. Muthurwa na Makongeni zilikuwa estate za wafanyakazi wa reli. Kwa hivyo babu zetu walikuwa wanalala karibu na ujumbe unaosafiri kwa umeme kabla mtu yeyote aote kuhusu WiFi.

Huko Ufaransa, mwaka wa 1874, Émile Baudot alikuwa amesajili kodi ambayo kila herufi ni mchanganyiko wa ishara tano. Ndiye aliyetuachia neno la kupima kasi ya laini, baudi. Teleprinta zikakua kutoka hapo. Mwaka wa 1963 ikatoka Teletype Model 33: herufi 10 kwa sekunde, kelele kama posho mill, na haikuwa na herufi ndogo kabisa. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kujenga Unix pale Bell Labs, Marekani, mwaka wa 1969, ndiyo waliyokuwa wanaandikia. Sasa unaelewa kwa nini amri za Unix ni fupi hivyo, ls, cp, mv. Kila herufi ilikuwa muda na jasho la vidole.

Askari, caretaker, nyumba

Tuje nyumbani. Domeni ya .ke ilisajiliwa 1993, na jina la Mkenya aliyekuwa nyuma yake ni Shem Ochuodho. Kituo chake, ARCC, kilikuwa kati ya vya kwanza kuuza intaneti kamili hapa Kenya mwaka wa 1995. Africa Online nayo ilianzishwa na Wakenya watatu waliosomea Marekani. Laini zote za simu zilikuwa za KPTC, shirika la serikali lililokuwa na ukiritimba. Kuingia kwa intaneti kulimaanisha modemu inapiga simu, inalia vile modemu zililia, halafu mashine ya upande ule mwingine inauliza: wewe ni nani?

Kwa mashine ya Unix, huo mlango uko na watu watatu. Mimi huwaelezanga wasee hivi.

Wa kwanza anaitwa getty. Hata jina linasikika kama geti, na kazi ni ya askari wa geti: anakaa kwa laini akingoja mtu, anauliza jina, anampeleka ndani. Wa pili ni login, huyo ni caretaker. Ako na orodha ya wapangaji, inaitwa /etc/passwd, na anaangalia kama paswadi ni yako. Wa tatu ni shell, ndiyo nyumba yenyewe, mahali unapika na kulala.

Ukishika hiyo picha, nusu ya shida za kuingia unazitatua bila kuuliza mtu. Huoni swali lolote la jina? Askari hayuko, getty haijawashwa kwa hiyo laini. Unaona "Login incorrect"? Askari yuko sawa, umekosana na caretaker: jina ama paswadi. Unaingia halafu unatupwa nje papo hapo? Caretaker amekukubali lakini nyumba haipo. Angalia mwisho wa mstari wako kwa /etc/passwd, huenda shell iliyoandikwa hapo haipo kwa mashine, ama imewekwa nologin makusudi. Kama hapo pako sawa, basi kuna kitu kimeharibika kwa faili yako ya .profile, ile inayosomwa kila unapoingia.

Mizimu ya karatasi

Sasa zile shida ndogo ndogo zinazokufanya utake kurusha kibodi. Karibu zote ni mizimu ya teleprinta.

Unabonyeza kufuta, inaandika ^H ama ^?. Kwa karatasi huwezi kufuta, wino ukishaingia umeingia. Unix ya kwanza ilitumia # kumaanisha "ile herufi ya mwisho usiihesabu", na @ kumaanisha "sahau mstari wote". Kwa riboni za karatasi za kutoboa, ukikosea ulikuwa unatoboa matundu yote saba mahali pa hiyo herufi, ndio mashine iiruke. Matundu saba ni namba 127, ndiyo inaitwa DEL hadi leo. Terminali za skrini zilipokuja, kampuni zingine zikafanya kitufe cha kufuta kitume 127, zingine kitume 8. Hiyo vita haijaisha. Dawa: andika stty erase, acha nafasi, bonyeza hicho kitufe chenyewe, halafu Enter. Ikikubali, weka huo mstari kwa .profile.

Caps Lock nayo. Juu Model 33 haikuwa na herufi ndogo, Unix za zamani zilikuwa zinafikiria hivi: mtu akiandika jina lake lote kwa herufi kubwa, basi maskini terminali yake haina ndogo, wacha tumgeuzie kila kitu. Getty ya Linux ya leo, agetty, bado iko na hiyo mbinu ukiiwasha kwa -U. Kwa mashine ya kawaida haijawashwa, kwa hivyo wewe ukiandika jina kwa Caps utaambiwa tu umekosea. Angalia hiyo taa ya Caps kabla ulaumu mtu.

Takataka kwa skrini, herufi za ajabu zisizosomeka: kasi hazilingani. Mnaosomea netiwaki mnajua, ile waya ya konsoli ya ruta nyingi inataka 9600. Ukiweka kasi nyingine unapata uchafu. Agetty inaweza kupewa orodha ya kasi, na kila ikipokea ishara ya Break inajaribu inayofuata. Ni tabia iliyobaki kutoka siku za modemu, wakati askari hakujua nani anapiga na kwa kasi gani.

Skrini imechafuka baada ya kufungua faili mbaya, na Enter inaandika ^M: bonyeza Ctrl na J pamoja, andika stty sane, Ctrl na J tena. Kisha andika reset. Imerudi.

Halafu malalamiko namba moja ya kila mtu anayeanza: "Manze, paswadi haiandikiki!" Inaandikika, buda. Kwa Unix, ukibonyeza kitufe herufi haiendi skrini moja kwa moja. Inaenda kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inairudisha uione, kama mwangwi. Login huzima huo mwangwi ukiandika paswadi. Enzi za karatasi hilo halikuwa pambo. Paswadi iliyochapwa ingebaki hapo kwa karatasi, na karatasi inaishia kwa pipa, na pipa haina siri.

Walivyoumia

Mlango haukuanza ukiwa na nguvu. Pale MIT, Marekani, timu ya Fernando Corbató ilijenga CTSS, mfumo wa watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka, ukaonyeshwa mara ya kwanza 1961. Kila mtu akapewa paswadi. Mwaka wa 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona masaa aliyopewa kwa wiki hayamtoshi. Akaomba mashine imchapishie faili ya paswadi zote, mashine ikamchapishia bila maswali. Akawa anaingia kama watu wengine. Alikiri miaka mingi baadaye.

Mwaka wa 1966 ikawa mbaya zaidi. Wasimamizi wawili walikuwa wanahariri kwa wakati mmoja, mmoja salamu ya siku, mwingine faili ya paswadi. Faili zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia alisalimiwa na orodha ya paswadi za kila mtu.

Hapo ndipo funzo liko. Tatizo kubwa halikuwa mwizi mwerevu. Tatizo lilikuwa kwamba paswadi zilikuwa zimeandikwa mahali, vile zilivyo, na mtu yeyote akifika hapo anazisoma.

Mwaka wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha namna Unix ilivyojibu. Usihifadhi paswadi kabisa. Isage. Mahindi ukishayasaga huwezi kuyarudisha kuwa gunzi, lakini ukileta gunzi lingine sawa na lile, unga utakuwa sawa. Login inasaga ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Juu yake wakaongeza chumvi, na hilo ndilo jina lenyewe, herufi za bahati nasibu zinazofanya watu wawili wenye paswadi moja wawe na unga tofauti. Walichunguza pia paswadi 3,289 za watumiaji na wakakuta asilimia 86 ni fupi mno ama ni za kukisiwa haraka. Hiyo ni kabla mama yako azaliwe, na watu tayari walikuwa wanaweka majina ya kawaida.

Hata unga una mwisho wake. Mwaka wa 2019 watu walivunja paswadi ya zamani ya Thompson mwenyewe kutoka faili ya Unix ya miaka ya mwisho ya sabini. Ilikuwa hatua ya ufunguzi wa mchezo wa chesi. Ilidumu karibu miaka 40, si mbaya.

Na sisi?

Sasa ingia saiba yoyote mtaani wakati wa maombi ya vyuo ama mikopo ya masomo. Kompyuta kumi, zote zimefunguliwa kwa akaunti moja, na hiyo akaunti ndiyo ya msimamizi. Brauza inauliza kama ihifadhi paswadi, mtu amebonyeza ndiyo. Kwa kaunta kuna daftari: jina, namba ya kitambulisho, paswadi ya portal, kwa kalamu, "ndio usisahau, madam". Hiyo ni CTSS ya 1962 na chai ya mkandaa pembeni.

Binamu yangu alijaza kozi zake saiba moja hapa mtaani. Alipoingia tena siku chache baadaye kuhakikisha, kozi zilikuwa zingine. Hakuna aliyevunja mfumo wowote. Mtu alikaa kiti chake akakuta mlango wazi, ama alisoma daftari. Aliwahi kuzirudisha kabla dirisha lifungwe, ilikuwa imebaki siku moja. Siku moja ndiyo ilikuwa kati yake na miaka minne ya kozi ambayo hakuichagua.

Kinachoniuma ni hiki. Simu yako ya Android, hata ile ya bei ya chini kabisa, iko na Linux ndani, na kila programu imepewa akaunti yake kama mpangaji. Andika whoami kwa Termux, utaona jina kama u0_a na namba. Hiyo ndiyo inazuia gemu uliyopakua isisome mambo ya programu yako ya benki. Yaani gemu ya bure imepewa heshima ya mpangaji, na binamu yangu amepewa mstari kwa daftari.

Wenye saiba, najua biashara ni ngumu na stima si bure. Lakini kompyuta za ex-UK mnazonunua town zinaweza kubeba Linux bila leseni. Mteja wa kila mara, mfungulie akaunti kwa sudo adduser, dakika mbili. Mteja wa kupita, akaunti ya mgeni inayofutwa akiondoka. Daftari, choma. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019 na haikusema saiba za mtaani zisamehewe.

Na wewe msomaji: ukiambiwa "andika paswadi hapa kwa daftari", kataa kwa heshima. Andika mwenyewe, kataa brauza isihifadhi, toka kwa akaunti, na ukifika kwa simu yako ibadilishe. Kama wewe ndiye yule msee wa ploti anayejua kompyuta, kuna saiba karibu nawe inahitaji akaunti kumi zifunguliwe Jumamosi hii. Nenda uulize.