Tanuri lilizimika, nyundo ikaendelea: somo la ajira kutoka Buhaya

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Muleba utapita Kemondo. Wengi wanapajua kwa bandari yake tu. Lakini chini ya ardhi ya Kemondo, na kule Katuruka upande wa Maruku, kuna mabaki ya matanuri ya chuma ya zamani sana, mengine yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000 hivi. Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo na unajiuliza digrii yako itakufikisha wapi, hebu tukae kidogo na hawa wahunzi. Dunia ya kazi ilishawabadilikia kabla yako.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Ndani ya mawe yenye chuma, chuma kimeshikana na oksijeni. Ili uitoe hiyo oksijeni unahitaji kaboni na joto kali. Wahaya walichimba shimo, wakachoma humo nyasi za kinamasi mpaka zikawa mkaa, halafu juu yake wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma yaliyobaki kwenye kazi za nyuma. Udongo wa kichuguu hawakuuchagua hivihivi: unavumilia moto. Mivukuto ilipuliza hewa kupitia kewa, yaani mabomba ya udongo, ambayo yaliingia mpaka ndani ya tanuri. Kwa hiyo hewa ilipita kwenye bomba lenye moto kabla ya kukutana na mkaa.

Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mbinu hiyo iliweza kufikisha joto zaidi ya nyuzi 1,800 za Selsiasi, na kwamba ilitoa chuma chenye kaboni, yaani feleji. Huko Uskoti, James Beaumont Neilson alipata hataza ya kupasha moto hewa ya tanuri mwaka 1828 tu. Wataalamu wengine walibisha: je, ni kweli hewa hiyo ilipata moto kiasi hicho ndani ya kewa? Ubishi huo ni wa kawaida kwenye sayansi, na haufuti ukweli kwamba wahunzi hawa walijua walichokuwa wanakifanya.

Sasa tuje kwenye ajira. Karne ya 20 ilipoingia, majembe na vyuma vya Ulaya vilijaa madukani na kwa bei nafuu. Kahawa nayo ilileta fedha ya kuvinunua. Nani tena akate miti, achome mkaa, achimbe mawe na avute mivukuto siku nzima? Kuyeyusha chuma kukafa ndani ya kizazi kimoja hivi.

Ila angalia vizuri kilichokufa ni nini. Aliyekufa ni tanuri. Nyundo haikufa. Wahunzi waliendelea kufua visu na majembe kwa kutumia chuma chakavu. Malighafi ilibadilika, wateja wakabaki, kwa sababu shamba la migomba bado linahitaji kisu. Mtu aliyejua tabia ya chuma, kwamba kikiwa chekundu kinakubali kukunjwa na kikipoa kinagoma, hakujali sana kimetoka kwenye jiwe la kilimani au kwenye springi ya gari bovu.

Kuna kipande kingine cha hadithi hii, na nadhani ndicho kinachotuhusu zaidi. Mwaka 1976 Schmidt na wenzake waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wawashe tena tanuri. Wazee walikumbuka hatua. Hata hivyo majaribio ya kwanza hayakwenda sawa. Ikabidi wabadilishe hiki, wajaribu kile, mpaka chuma kikapatikana. Maana yake ni kwamba kukumbuka hatua ni jambo moja, na mkono kuiweza kazi ni jambo jingine. Na kilichowaokoa baada ya kukosea ni kuelewa kwa nini kila hatua ipo.

Tanzania imeshahangaika na pengo hilo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule zinamtenga kijana na kazi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi: mhitimu wa kidato cha sita akafanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu. Wazo lilikuwa zuri, lakini unaweza kupelekwa kazini na usijifunze kitu, kama hakuna anayekuonyesha. Mwanafunzi yeyote aliyemaliza fildi akiwa anatoa fotokopi tu anajua ninachosema.

Leo tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linajengwa Kagera chini ya mradi wa HEET, uliopata dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Mradi huo unataka mitaala ipitiwe upya na waajiri washirikishwe. Vizuri. Ila usisubiri jengo likamilike, wala usitegemee mtaala ukukisie kazi ya mwaka 2040. Hakuna mzee wa Katuruka aliyekisia springi ya gari.

Unachoweza kufanya sasa ni kujiuliza maswali mawili kwa kila kozi unayosoma. La kwanza: kipi hapa ni tanuri, yaani programu au mashine ambayo kesho itapatikana dukani kwa bei ya chini? La pili: kipi ni tabia ya chuma, yaani ile kanuni itakayobaki hata malighafi ikibadilika? Tanuri jifunze, maana ndilo litakalokupa kazi ya kwanza. Tabia ya chuma ijue mpaka mkononi, kwa kujaribu, kuharibu na kurudia. Siku tanuri litakapozimika, na kwa wengi wetu litazimika tukiwa bado kazini, hiyo ndiyo utakayoondoka nayo.