Kuuza nyumba: Mambo ya kuandaa kabla mnunuzi hajabisha hodi

Kwa familia nyingi nchini Tanzania, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote zilizowahi kumilikiwa. Hujengwa kidogo kidogo, tofali kwa tofali, kwa miaka kumi au zaidi. Inapofika siku ya kuiuza, mara nyingi kuna haja nyuma yake: matibabu, ada za shule, mgawanyo wa mirathi, deni la benki au kuhamia mkoa mwingine. Mwenye haja huuza kwa haraka, na mnunuzi akiitambua haraka hiyo hushusha bei.

Maandalizi ndiyo kinga ya muuzaji. Nyumba iliyoandaliwa haimpi mnunuzi sababu ya kukata bei kila anapofungua mlango mmoja. Makala haya yanaeleza nini cha kufanya, nini cha kuacha, na kwa utaratibu upi.

Nani atainunua nyumba yako?

Kabla ya kununua ndoo moja ya rangi, jiulize mnunuzi wako ni nani. Katika maeneo kama Kariakoo jijini Dar es Salaam, nyumba nyingi za zamani za Kiswahili, zile za korido katikati na vyumba pande mbili, zimebomolewa kupisha maghorofa. Mnunuzi wa eneo kama hilo ananunua kiwanja. Anachotaka kujua ni ukubwa wa kiwanja, upana wa barabara inayofika hapo na uhalali wa hati. Vigae vipya ni hasara kwako, kwa sababu vitavunjwa pamoja na kuta.

Ni tofauti na nyumba iliyopo Kimara, Tegeta, Mbezi au Kigamboni, ambayo familia inataka kuhamia. Huyu anaangalia maji, umeme, usalama, choo, njia ya gari na kama nyumba inavuja. Yupo pia anayenunua ili apangishe. Yeye huuliza vyumba vingapi vina mlango wake, mita za umeme ni ngapi na kodi kwa mwezi ni kiasi gani. Ukishamjua mnunuzi wako, utajua pesa kidogo uliyonayo uiweke wapi.

Karatasi kwanza, rangi baadaye

Wauzaji wengi huanza na rangi, lakini mauzo mengi hukwama kwenye karatasi. Mnunuzi makini atapeleka nakala ya hati yako kwa wakili, na wakili atafanya upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati ili ajue mmiliki ni nani, na kama kuna rehani au zuio. Ni bora wewe uwe wa kwanza kulijua jibu.

Kama una hati miliki, soma muda wake. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na mnunuzi atahesabu miaka iliyobaki. Hakikisha jina lililo kwenye hati linafanana na lililo kwenye kitambulisho chako. Tofauti ya herufi moja huweza kuchelewesha uhamisho kwa wiki kadhaa.

Kama una leseni ya makazi au mkataba wa mauziano uliosainiwa serikali ya mtaa, sema hivyo tangu mwanzo. Nyumba za aina hiyo huuzwa kila siku, ila bei yake haiwezi kulingana na ya nyumba jirani yenye hati. Kama eneo lako limeshapimwa na hati bado hujachukua, uliza kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri yako hatua zilizobaki. Kuzikamilisha kunaweza kukuongezea thamani kuliko ukarabati wowote.

Kusanya pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Malimbikizo ya miaka mingi ni deni ambalo mnunuzi atataka likatwe kwenye bei. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia manunuzi ya umeme tangu mwaka 2021, lakini kagua kama kuna deni la miaka ya nyuma. Ongeza bili za maji zilizolipwa na, kama unacho, kibali cha ujenzi.

Nyumba ikiwa imewekwa rehani benki, nenda benki uombe barua inayoonyesha deni lililobaki. Nyumba yenye rehani inaweza kuuzwa kwa utaratibu unaoihusisha benki yenyewe. Ukificha, upekuzi utaonyesha, na mnunuzi hatakuamini tena hata kwa jambo la kweli.

Idhini ya mwenza na suala la mirathi

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake wakati ndoa ingali hai. Haijalishi jina la nani limeandikwa kwenye hati. Mauzo yakifanyika kinyume na hapo, mnunuzi anaweza kujikuta amenunua nyumba ambayo mwenza wa muuzaji bado ana haki ya kuendelea kuishi humo. Ndiyo maana mawakili hudai saini ya mwenza, au kiapo cha muuzaji kwamba hana ndoa. Kaeni chini mzungumze kabla mnunuzi hajaja. Ugomvi wa mume na mke mbele ya mgeni humfukuza mgeni haraka kuliko paa linalovuja.

Ikiwa mwenye nyumba amefariki, mtoto mkubwa au kaka wa marehemu hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu ukoo umekubaliana. Kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi wa mirathi, lakini mahakama ndiyo inayomteua. Bila uteuzi huo, fedha za mnunuzi ziko hatarini, na ndugu mmoja ambaye hakushirikishwa anaweza kufungua kesi itakayodumu kwa miaka.

Matengenezo yanayolipa

Nyumba haihitaji kuwa mpya, ila isionekane imetelekezwa. Anza na vitu vinavyomtisha mnunuzi.

Cha kwanza ni maji yanayovuja. Doa la kahawia kwenye dari humwambia kila anayeingia kwamba bati lina tatizo. Kuipaka dari rangi bila kuziba tundu ni kazi bure. Mvua moja ya masika italirudisha doa lile lile. Panda juu, badilisha misumari iliyolegea na mabati yaliyooza, kisha ndipo utengeneze dari.

Cha pili ni mabomba. Funga koki zote ndani ya nyumba, kisha angalia mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja mahali. Rekebisha koki zinazodondoka na vyoo visivyovuta maji. Kama chemba ya maji taka imejaa, ita gari la kunyonya kabla ya kuanza kupokea wageni. Harufu ya chemba haifichiki kwa ubani wala udi.

Cha tatu ni kuta zenye chumvi na unyevunyevu, tatizo la kawaida ukanda wa Pwani. Plasta huvimba, ikabomoka unga mweupe sehemu ya chini ya ukuta. Ukipaka rangi juu yake itabanduka baada ya muda mfupi. Dawa ni kubandua plasta iliyoharibika, kutafuta unyevu unatoka wapi, kuuacha ukuta ukauke vizuri, kupiga plasta upya, kisha kupaka rangi. Kazi hii huchukua wiki, hivyo isingoje dakika za mwisho.

Cha nne ni umeme. Soketi zilizoungua na nyaya zinazoning'inia zinamfanya mnunuzi akadirie gharama ya kubadilisha mfumo mzima. Fundi umeme mwenye leseni anaweza kuzirekebisha kwa siku moja au mbili.

Cha tano ni mchwa. Gonga fremu za milango na mbao za kabati. Zikitoa sauti ya uwazi, tibu na ubadilishe zilizoliwa.

Baada ya hapo, rangi nyepesi kama nyeupe au maziwa hufanya vyumba vionekane vikubwa na vyenye mwanga. Badilisha vitasa vilivyovunjika, nyavu za mbu zilizochanika na taa zilizokufa. Ni gharama ndogo, lakini kila mgeni huviona.

Yapo mambo ya kuacha. Usiongeze chumba, usijenge ukuta wa kifahari, wala usibadilishe vigae vya nyumba nzima kwa mkopo. Mnunuzi ana ladha yake, na ni mara chache atakurudishia gharama yote.

Usafi na nafasi

Usafi hauna gharama kubwa, lakini unaonekana kuliko chochote. Fagia uwanja, kata majani, zoa vifusi vya ujenzi na uondoe gari bovu lililokaa miaka mingi chini ya mwembe. Safisha mifereji ili mnunuzi aone maji ya mvua yanaelekea wapi. Osha geti, na kama limepata kutu, lipige msasa na kulipaka rangi ya mafuta.

Ndani, punguza vitu. Sebule yenye makochi ya seti mbili, kabati, meza na friji inaonekana finyu hata kama ni kubwa. Vitu vya ziada vipeleke kwa ndugu au viuze mapema. Fungua madirisha saa moja kabla ya wageni kufika ili hewa na mwanga viingie.

Kama kuna wapangaji

Waambie mapema kwamba nyumba inauzwa. Mpangaji anayesikia habari hiyo kutoka kwa dalali mlangoni ana kila sababu ya kukataa chumba chake kionekane. Kubaliana nao siku na saa za kuleta wageni. Andaa mikataba yao na orodha ya waliolipa kodi ya miezi sita au mwaka mbele, kwa sababu mnunuzi atauliza fedha hizo ziko kwa nani, na kama watabaki au watahama.

Bei na dalali

Bei ya haki haipatikani kwa kujumlisha jasho lako. Mtafute mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na uulize nyumba zinazofanana na yako mtaani ziliuzwa kwa bei gani. Bei inayotajwa kwenye tangazo si lazima iwe ndiyo iliyolipwa.

Kwa dalali, andikeni makubaliano: kamisheni yake ni kiasi gani, nani anailipa na inalipwa lini. Kataza waziwazi desturi ya kuweka cha juu. Madalali watatu wakitangaza nyumba moja kwa bei tatu tofauti, mnunuzi huona kuna ujanja na kuondoka. Picha zipigwe mchana, nyumba ikiwa safi. Usimpe dalali hati halisi, na usiweke picha ya hati kwenye mitandao, kwa kuwa matapeli hutumia nakala hizo kuwauzia watu nyumba isiyo yao.

Siku mnunuzi anapokuja

Awepo mtu mzima wa familia anayeijua nyumba. Fungia vitu vya thamani, simu na nyaraka. Muache mgeni atembee na aulize; usimfuate kila hatua ukisifia. Akiuliza kama eneo hujaa maji wakati wa masika, jibu ukweli. Majirani watamwambia, na yeye atauliza. Kasoro iliyotajwa na mwenye nyumba hujadiliwa kwenye bei, lakini iliyofichwa huweza kuvunja biashara nzima au kuishia mahakamani.

Usitaje shida yako ya fedha. Sema tu kwamba unauza, na bei yako ni hii.

Hesabu kodi kabla ya kukubali bei

Mkazi wa Tanzania anayeuza nyumba kwa faida hutozwa kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida hiyo. Kwa mfano, kama gharama za kiwanja na ujenzi ni shilingi milioni 60 na umeuza kwa milioni 100, faida ni milioni 40 na kodi ni milioni 4. Nyumba ya makazi binafsi iliyotimiza masharti, na ambayo faida yake haizidi shilingi milioni 15, husamehewa. Risiti za saruji, nondo, mabati na mafundi ndizo zinazothibitisha gharama zako, hivyo zitafute sasa. Pata maelezo ya hesabu yako kwenye ofisi ya TRA kabla hujasaini.

Kwa nyumba yenye hati, uhamisho huambatana na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, pamoja na mkataba uliosainiwa mbele ya wakili. Kubalianeni mapema nani analipia ushuru wa stempu, uthamini na usajili. Malipo yapitie benki, na hati ikabidhiwe kwa masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba.

Uanzie wapi?

Ukiwa na miezi miwili, tumia mwezi wa kwanza kwa karatasi, idhini ya familia na kuta zenye unyevu, kwa sababu hayo ndiyo yanayochukua muda. Mwezi wa pili fanya matengenezo madogo, rangi, usafi na picha, kisha ita dalali. Ukiwa na wiki mbili tu, acha rangi. Fanya upekuzi wa hati, ziba panapovuja, safisha nyumba na uwanja, na zungumza na mwenza wako. Kwa hayo manne, unaweza kukaa mezani na mnunuzi bila wasiwasi wa kuulizwa jambo usiloweza kulijibu.