Kufufua Cub Cadet ya Zamani Nyumbani

Cub Cadet ni trekta ndogo ya bustani iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Mtengenezaji wake wa kwanza, International Harvester, tayari alikuwa na jina kubwa kwa matrekta ya shamba ya Farmall. Iliundwa Louisville, Kentucky, kwa wenye nyumba waliohitaji kufyeka nyasi, kulima bustani na kusukuma theluji. Toleo la kwanza lilikuwa na injini ya Kohler K161 ya silinda moja, nguvu farasi 7, na giaboksi ya gia 3 iliyotokana na ile ya Farmall Cub. Bloku na kasha la giaboksi ni vya chuma cha kusubu. Chuma hicho kikilika huchongwa upya, na ndiyo maana mashine hizi bado zinafufuliwa.

Trekta iliyokaa miaka bila kuguswa haiwashwi kwanza. Mara nyingi unyevu umepenya kupitia vali iliyobaki wazi, na ringi zimeganda kwenye ukuta wa silinda. Plagi hutolewa, mafuta ya kulegeza kutu yakamiminwa ndani na kuachwa siku kadhaa, kisha flaiwili ikajaribiwa kwa mkono, mbele na nyuma, polepole. Anayelazimisha kwa nyundo huvunja kilichokuwa kizima. Vali za injini hii ziko ubavuni mwa pistoni, kwa hiyo silinda hedi ni kifuniko tu: ukifungua bolti zake unaona pistoni, vali na kutu yote kwa macho.

Sehemu ya kuogopwa ni konrodi. Ni ya aluminiamu na haina beringi ya kubadilisha; huzunguka moja kwa moja juu ya krenki. Oili ikipungua, aluminiamu huyeyuka na kunata kwenye chuma, na injini hunoki. Krenki hupimwa kwa maikromita pande kadhaa, maana huisha kwa umbo la yai. Ikiwa imeisha, karakana huichonga inchi 0.010 (kama milimita 0.25) na konrodi ya saizi hiyo hununuliwa. Silinda nayo huchongwa kwa hatua za 0.010, 0.020 au 0.030, pistoni ikifuata saizi. Kubadilisha ringi peke yake kwenye silinda iliyoisha ni kupoteza pesa; moshi utarudi.

Umeme ni rahisi zaidi. Kifaa kimoja kilichofungwa kwa mkanda huwasha injini na pia huchaji betri ya volti 12. Platini husafishwa na kuachiwa nafasi ya inchi 0.020. Kabureta hufunguliwa, matundu yake yakapulizwa, gasketi zikabadilishwa.

Rangi ni ya mwisho, ingawa wengi huikimbilia, halafu oili inavuja kupitia sili mbovu na kuiharibu. Rangi za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, hivyo msasa hutumiwa ukiwa na maji, barakoa usoni, mbali na watoto. Njano na nyeupe za kiwandani ndizo zinazostahili kurudishwa.

Injini iliyofufuliwa hutembezwa kwanza bila mzigo mzito, na oili ya mwanzo humwagwa mapema, kwa kuwa imebeba chembe za chuma zilizokwanguliwa na ringi zinapojikalisha.