Wengi ni Nani? Hesabu ya Kura na Hatima ya Walio Wachache Katanga, 1957–1993

Methali ya Kiswahili yasema: «Wengi wape.» Maana yake ni wazi: penye mashauri ya watu, neno la walio wengi ndilo lipitalo. Lakini methali haisemi wengi hao wahesabiwe wapi, wala nani achore mpaka wa kuhesabia. Historia ya Katanga inaonyesha kwamba swali hilo si dogo. Tangu Desemba 1957 hadi Julai 1960, muda usiotimia miaka mitatu, jamii zilezile zilijikuta na nguvu ya wengi katika mji, kisha na unyonge wa wachache katika jimbo. Na wale walioshinda jimboni wakajikuta wachache katika nchi. Makala haya yanachunguza jinsi hesabu hizo zilivyofanyika, na yale yaliyowapata walioshindwa.

1. Mji wa watu waliohamia

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kusini mwa Katanga palikuwa na wakazi wachache kuliko mahitaji ya migodi. Hivyo wafanyakazi walitafutwa mbali: Rhodesia, Ruanda-Urundi, kaskazini mwa jimbo, na hasa Kasai. Reli ilipofika Port-Francqui (Ilebo) mwaka 1928, safari ya Waluba wa Kasai kwenda migodini ikawa nyepesi. Katika miaka hiyohiyo kampuni ilianza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Watoto hao walisoma, wakawa makarani, mafundi na walimu. Kiswahili kikawa lugha ya wote kambini na sokoni, ya aliyezaliwa hapo na ya aliyefika kwa treni.

2. Kura ya mji na kuzaliwa kwa neno «mgeni»

Desemba 1957 utawala wa Kibelgiji uliruhusu uchaguzi wa komini katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville (Likasi). Huko Elisabethville, kati ya mameya wanne Waafrika, watatu walitoka Kasai na mmoja Kivu. Hakuna hata mmoja aliyetoka Katanga.

Kwa hesabu ya mji, matokeo hayo yalikuwa halali. Kwa viongozi wa makabila ya kusini, yalikuwa onyo: waliona kazi nzuri zimeshikwa na watu wa Kasai, na sasa madaraka nayo yanafuata. Hofu hiyo haikuwa ya kubuniwa tu, kwa maana siasa ya kikoloni ya ajira ilikuwa imewapendelea wengine. Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat, shirikisho la vyama vya makabila ya Katanga, likiongozwa kwanza na Godefroid Munongo, kisha na Moïse Tshombe. Madai yake makuu yalikuwa kwamba Katanga itawaliwe na «wenyeji halisi».

Hapo maneno ya kawaida ya lugha yalibadilika uzito. «Mwenyeji» na «mgeni» ni maneno ya ukarimu: mgeni hupokewa, mwenyeji hupokea. Katika siasa yakawa maneno ya kuhesabia. Mtu aliyezaliwa Elisabethville kwa baba wa Kasai akaitwa mgeni katika mji ambao huenda hakuwahi kuishi nje yake.

3. Wajumbe 60, akidi 40

Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga chini ya Jason Sendwe, kiliingia Conakat mwanzoni mwa mwaka 1959, kikatoka Novemba mwaka huohuo. Kisha kiliungana na Fedeka ya watu wa Kasai na Atcar ya Watshokwe, wakaunda Kartel.

Uchaguzi wa Mei 1960 ulitoa bunge la jimbo lenye wajumbe 60: Conakat 25, Kartel 23, wengine 12. Hakuna chama kilichopata nusu. Sheria ya Msingi ya 19 Mei 1960 ilidai kwamba theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Wajumbe 23 wa Kartel walipotoka, walibaki 37, na akidi haikutimia.

Akidi hiyo ndiyo iliyokuwa silaha pekee ya walio wachache. Haikuwapa mamlaka ya kutawala, bali iliwalazimisha walio wengi kuzungumza nao. Tarehe 15 Juni 1960 Bunge la Ubelgiji lilibadilisha sheria, sharti la theluthi mbili likaondolewa. Kesho yake Tshombe akawa rais wa serikali ya jimbo, na Kartel ikabaki nje. Uhuru ulikuwa umebakiza majuma mawili.

Jambo moja linastahili kutiliwa mkazo. Katika Baraza la Wawakilishi la nchi nzima, Conakat ilikuwa na viti 8 tu kati ya 137. Kwa sababu hiyo viongozi wake walidai shirikisho, wakisema kwamba wingi wa Léopoldville usiimeze Katanga. Walichokidai kwa taifa kama haki ya walio wachache, walikikataa kwa wachache wa jimboni mwao.

4. Mlango uliofungwa

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Waluba wa kaskazini, waliokosa nafasi bungeni, waliasi. Jeshi la Katanga, likiongozwa na maofisa Wazungu, likawapiga, na vijiji vikachomwa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba, wa Katanga na wa Kasai, walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa huko Elisabethville. Mwaka uliofuata wengi walirudishwa Kasai na kaskazini kwa treni. Kujitenga kulikoma Januari 1963.

Kidonda hakikupona. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz a Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana Kyungu wa Kumwanza aliwaita watu wa Kasai «bilulu», yaani wadudu. Likasi mwaka 1992, na Kolwezi mwaka 1993, mamia ya maelfu walifukuzwa nyumbani na kazini. Wengi walingoja treni kwa majuma vituoni, na wengine walifia hapo au njiani. Wafukuzaji na wafukuzwa walisemezana kwa Kiswahili kilekile.

Hitimisho

Kosa halikuwa kuhesabu kura. Kosa lilikuwa kudhani kwamba hesabu ikikwisha, mazungumzo nayo yamekwisha. Katanga iligawanywa miaka ya 1960, ikaunganishwa tena, na mwaka 2015 ikagawanywa kuwa majimbo manne. Kila mpaka mpya huzaa wengi wapya na wachache wapya, wala hauwezi peke yake kuwa dawa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 51, inaipa Dola wajibu wa kulinda walio wachache wote. Kifungu hicho kitapimwa pale mjumbe aliyeshindwa atakapokuwa bado na sababu ya kubaki ndani ya ukumbi. «Wengi wape» ni neno la hekima, ila mwaka 1960 wengi walipewa mpaka ufunguo wa mlango, na waliofungiwa nje wakashika silaha.