Kijaluba cha Fedha na Hukumu Yake

Huenda nyumbani kwako, chini ya kanga za marehemu bibi, kimo kijaluba cha fedha cha tambuu, au kikebe cha hirizi chenye mnyororo. Kabla hujampa mpita njia anayenunua vitu vya kale, nisikilize.

Fedha ile ilikuja kwa majahazi, nyingi yake kwa sura ya reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Reale hiyo iliendelea kupigwa baada yake, daima kwa mwaka ule ule 1780, ikatumika Maskati na Unguja. Uzito wake ni gramu 28 hivi, na katika kila sehemu sita, tano ni fedha safi. Sonara aliiyeyusha, akaifua bamba, akatia nakshi.

Huku Mikese vitu vya Pwani vilifika kwanza kwa miguu. Misafara ilipita hapa. Stanley alipita mwaka 1871. Reli ya Wadachi ilifika Morogoro mwaka 1907. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipotoka mwaka 1921, robo yake tu ndiyo fedha, sonara akaifuata ya nini?

Bibi yangu, mtu wa Bagamoyo aliyeolewa Uluguru, alikuwa nacho kimoja. Siku moja alishuka mtu barabarani, akakipima kwenye mizani, akatoa nusu ya bei, nusu ya pili akasema ataileta Ijumaa. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, nimesimama mlangoni. Ijumaa zimepita nyingi. Na nakshi hakuilipia hata senti!

Nilipokuja kusoma fiqhi ndipo nikajua tulikosea pande mbili. Kwanza, fedha huuzwa mkono kwa mkono, Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza iliyopo kwa isiyokuwapo, na wanazuoni wengi wa leo wanazitia noti katika hukumu hiyo. Ukiibadilisha kwa fedha nyingine, uzito lazima ulingane, nakshi haihesabiwi. Pili, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, chombo cha fedha hakitumiwi na mwanamume wala mwanamke, na kwa kauli yenye nguvu hata kukiweka tu hakufai. Bangili ya mwanamke ni pambo. Kijaluba ni chombo. Najua maneno haya ni mazito kwa aliyemwona bibi yake akifungua tambuu yake humo. Mimi mwenyewe yalinikaa kooni.

Basi kikiuzwa, kiuzwe kwa taslimu, mbele ya warithi wote, kwani ni mali ya mirathi, si ya aliyekiona kwanza kabatini. Na kikikaa pamoja na fedha nyingine zikatimia gramu 595 hivi mwaka mzima, fungu moja katika arubaini ni zaka.

Cha bibi kilikuwa na kitundu ubavuni, mtoto mmoja alikitoboa kwa msumari. Popote kilipo leo, nusu ya bei yake ni deni, na sisi warithi tungali hapa Mikese.