Malaika, mjeledi na mfalme Áedán

Wadau, leo tutoke kidogo kwenye siasa zetu. Nimekuwa nikisoma habari za Áedán mac Gabráin, mfalme wa Dál Riata, dola ya Wagaeli iliyokuwa magharibi mwa Uskoti na kaskazini mashariki mwa Ireland. Alishika madaraka mwaka 574 hivi.

Kisa cha kutawazwa kwake kimenichekesha. Columba, abati wa kisiwa cha Iona, alimtaka Eoganán, nduguye Áedán. Basi malaika akamchapa mjeledi, akamrudia usiku mara tatu mfululizo, mpaka mtakatifu akasalimu amri.

Mwaka 603 Áedán akaenda na jeshi kubwa kupigana na Æthelfrith wa Northumbria. Kule Degsastan akapigwa vibaya, akakimbia na watu wachache.

Sasa tujiulize, nani katuambia haya? Cha malaika kaandika Adomnán, naye abati wa Iona, miaka kama 100 baadaye. Cha kipigo kaandika Beda, mmonaki Mwingereza. Áedán mwenyewe hakutuachia hata mstari mmoja.

Mimi naona mjeledi ule ulikuwa ujumbe kwa wafalme waliofuata: bila Iona hutawali. Ninyi mnasemaje?