Mwanagenzi si saidia fundi

Kijana wa jirani alinijia na karatasi za kozi ya umeme wa majumbani. Kilichomkwaza ni neno moja. "Shikamoo mzee. Uanagenzi ndiyo nini, ugeni?"

Hakukosea sana, mwanagenzi ni mgeni wa kazi. Lakini ni mgeni mwenye mkataba: siku fulani chuoni, siku nyingine saiti, na mafunzo yake yana mwisho na cheti. Saidia fundi hana hayo. Hubeba ngazi, huchimba ukuta kwa tindo, huvuta waya kwenye mabomba, na ujuzi anauiba kwa macho. Miaka inapita hajaruhusiwa kugusa meinswichi.

Uingereza tangu 2015 kuna uanagenzi unaofika hadi shahada, mtu analipwa mshahara huku akisoma, ingawa fundi umeme wa kawaida huko huishia ngazi za chini ya hapo. Sisi tukisikia "shahada" tunaona joho, hatuoni bisibisi. Ajabu, maana neno fundi lenyewe ni la darasani: limetoka shina moja na funda, funza na mwanafunzi. Kungwi anayemfunda mwali na fundi anayefunga soketi ni ndugu wa ukoo mmoja.

Kijana alirudi juzi, muhula wa kwanza umekwisha. Akafungua soketi ya sebuleni kwangu. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekunjwa nyuma, haujafungwa popote.

"Mzee, nani alifunga hii?"

Nilifunga mimi.